Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyeingiza Kiswahili katika taarab ya Zanzibar

Wageni wanaofika kisiwani Unguja, inchini Tanzania, kwa ajili ya kujionea utamaduni wa pwani hupelekwa kwanza kwenye majumba ya mawe. Huonyeshwa Ngome Kongwe, huonyeshwa jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa wakati wa Sultani Barghash, na kanisa la Mkunazini lililosimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Wengine huonyeshwa pia nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara ambaye jina lake linajulikana sana huku kwetu, tangu Kasongo na Nyangwe hadi Kisangani.

Lakini muziki wanaousikia wageni hao usiku, ule wa udi, fidla na sauti ya mwanamke anayeimba kwa Kiswahili, haukutoka katika majumba hayo peke yake. Namna unavyoimbwa leo inatokana kwa sehemu kubwa na mwanamke mmoja aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, katika ukoo wa watu waliopitia utumwa, na ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kufinyanga vyungu. Jina lake ni Siti binti Saad. Alifariki mwaka wa 1950, na hadi leo hakuna anayeeleza historia ya taarab bila kumtaja.

Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa karibu mwaka wa 1880. Fumba iko kusini ya mji wa Zanzibar, mwendo wa karibu kilomita 20, kwenye rasi inayoingia baharini. Wakaaji wake walikuwa wavuvi, wakulima na wafinyanzi. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Wanyamwezi wa Tabora. Mama yake alikuwa wa asili ya Wazigua wa upande wa Tanga. Wote wawili walikuwa watu wa kawaida, wasio na shamba kubwa wala jina.

Asili ya baba inaeleza mengi kwa msomaji wa Congo. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Kwa njia hiyo pembe za ndovu na watu walipelekwa pwani, na kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kilipanda hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Kwa hiyo katika mitaa ya Zanzibar walikuwepo Wanyamwezi, Wayao, Wanyasa, Wazaramo na Wamanyema, wengi wao wakiwa wazao wa watu waliofikishwa kisiwani bila kutaka.

Alipozaliwa, mtoto huyo alipewa jina la Mtumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka saba mbele, mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa katika sheria. Amri ya kuufuta ilitoka mwaka wa 1897, wakati Siti alikuwa na miaka kama 17. Jina la Siti, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye akiwa mtu mzima. Kuacha jina la Mtumwa na kuitwa Siti ni jambo ambalo watu wengi wa wakati wake wangelitamani, na wachache walilipata.

Hakusoma shule. Katika Zanzibar ya wakati ule, mtoto wa kike wa familia ya namna hiyo hakuwa na nafasi ya kwenda shuleni. Alichojifunza kwa mama yake ni ufinyanzi: kuchimba udongo, kuukanda, kuunda chungu kwa mikono, kukianika, kisha kukichoma. Chungu kikishaiva, kazi nyingine inaanza, ile ya kukiuza. Siti alijitwisha vyungu kichwani, akatembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji na kufika mpaka mjini.

Ili watu wajue kwamba mfinyanzi amepita, alikuwa anaimba. Wanunuzi walimsikia kabla ya kumuona. Wale wanaojua masoko ya Uvira au Kalemie wanafahamu jambo hili: muuzaji mwenye sauti nzuri hawezi kupita bila kuitwa. Watu wakaanza kumngojea kwa sababu ya sauti yake kuliko kwa sababu ya vyungu.

Muziki wa ikulu

Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa wakubwa. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta Zanzibar, na kwamba alimtuma kijana mmoja Misri ajifunze kupiga kanuni, chombo chenye nyuzi nyingi kinacholazwa juu ya magoti. Nyimbo zilikuwa kwa Kiarabu, na tuni zake zilifuata mtindo wa Misri. Ziliimbwa mbele ya sultani, jamaa yake na wageni wake. Mtu wa kawaida, kama alizisikia, alizisikia kupitia dirisha.

Mwaka wa 1905 vijana wa mjini waliunda kundi lililoitwa Ikhwan Safaa, yaani ndugu wenye nia safi. Kundi hilo lipo hadi leo, na limepita miaka mia moja tangu lianzishwe. Mwanzoni lilikuwa la wanaume tu, na wao pia waliimba kwa Kiarabu.

Siti alihamia mjini mwaka wa 1911. Alikuwa amepita miaka 30, umri ambao wanawake wengi wa kijiji chake walikuwa wamekwisha kukubali maisha yao yalivyo. Huko mjini alikutana na Ali Muhammed, mmoja wa watu wa Ikhwan Safaa. Alipoisikia sauti ya Siti, aliona kwamba sauti hiyo ingepotea bure barabarani. Akaanza kumfundisha namna ya kuimba pamoja na vyombo, namna ya kushika pumzi, na namna ya kutamka maneno ya Kiarabu ambayo nyimbo za taarab zilitaka. Mwanamke ambaye hakusoma alijifunza kwa kusikia na kushika kichwani.

Wanamuziki wengine wa kundi hilo walimsikia, na mialiko ikaanza. Siti akaitwa kuimba katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, mbele ya wakubwa wa serikali, na hata ikulu. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza aliyejulikana kama mwimbaji wa taarab Zanzibar.

Nyumba ya Ng'ambo

Lakini makao yake yalikuwa Ng'ambo. Jina hilo maana yake ni upande wa pili. Mto wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe, ulio na nyumba za mawe, na upande huo wa pili uliokuwa na nyumba za miti, udongo na makuti. Baada ya utumwa kufutwa, maelfu ya watu waliacha mashamba ya mikarafuu na kuja Ng'ambo kutafuta maisha. Walifanya kazi ya kuchukua mizigo bandarini, kufua nguo, kupika, kushona na kuuza vitu vidogo. Nyumba zilikuwa zao, lakini ardhi chini ya nyumba ilikuwa ya wengine, na kila mwezi walidaiwa kodi ya kiwanja. Mwaka wa 1928 wakaaji wa Ng'ambo walikataa pamoja kulipa kodi hiyo, na serikali ya kikoloni ya Waingereza ikapata taabu kubwa.

Ni katika mtaa wa namna hiyo ndipo Siti aliunda kundi lake. Waliokuwa pamoja naye ni Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Karibu kila usiku walikutana nyumbani kwa Siti. Vyombo vilipigwa, na habari za siku zililetwa: nani ameoa, nani ameachwa, tajiri gani amedhulumu mtu, karani gani amekula pesa. Habari iliyogusa watu ilitungiwa maneno, maneno yakatafutiwa tuni, na usiku uliofuata majirani walikuja kuisikiliza.

Kwa majirani hao haikuwezekana kuimba kwa Kiarabu peke yake. Siti na wenzake waliimba kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo hatua kubwa aliyoifanya. Aliuchukua muziki wa ikulu pamoja na vyombo vyake vyote, na akautia lugha ya mtu anayeishi Ng'ambo. Tangu hapo mchukuzi wa bandarini na mke wake waliweza kucheka, kulia na kubishana juu ya maneno ya wimbo, kwa sababu waliyaelewa. Taarab inataka msikilizaji wa namna hiyo. Neno moja ndani yake linaweza kuwa na maana mbili, na raha ya wasikilizaji ni kutafuta ni nani anayesemwa.

Si wote waliofurahi. Kulikuwa na waliokasirika kumuona mwanamke wa shamba, mwenye asili ya utumwa, akikaribishwa katika nyumba kubwa. Walitunga maneno ya kumcheka, wakataja umaskini wake wa zamani, kaniki aliyovaa alipokuja mjini, na sura yake, ambayo walisema haikuwa nzuri. Kaniki, kitambaa cheusi cha bei ndogo, ilikuwa imejulikana kama vazi la watumwa. Wanawake wa Ng'ambo walipopata pesa yao wenyewe waliiacha wakavaa kanga na buibui. Kumkumbusha mtu kaniki yake kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye bado ni mtumwa.

Siti hakunyamaza wala hakugombana barabarani. Aliwajibu kwa wimbo, kwa maana kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo havimsaidii mtu asiye na akili. Wimbo huo ulishinda, kwa kuwa watu waliendelea kuuimba na wale waliomcheka hawakupata la kujibu.

Safari ya Bombay

Mwaka wa 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilimpeleka Siti na kundi lake Bombay, inchini India, ili kurekodi. Mashine za kurekodi hazikuwepo Zanzibar, kwa hiyo wanamuziki walipanda meli na kuvuka bahari ya Hindi. Mwanamke aliyekuwa akitembea na vyungu kichwani sasa alikwenda bara lingine kwa sababu ya sauti ileile.

Kazi ya kurekodi ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja wa sahani ya santuri ya wakati ule ulichukua dakika kama tatu tu. Katika harusi, wimbo wa taarab hurefuka kadiri watu wanavyotaka, mshairi anaongeza ubeti, mpiga udi anapewa nafasi, na wasikilizaji wanaomba maneno yarudiwe. Huko Bombay ilibidi wimbo ufupishwe, uanze haraka na kwisha kabla sahani haijajaa. Hata hivyo walifaulu. Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuimba kwenye santuri za biashara. Kundi lilirudi Bombay mwaka uliofuata, na baada yake makampuni mengine, Columbia na Odeon, yakataka pia sauti hiyo.

Santuri hizo ziliuzwa vizuri kuliko ilivyofikiriwa. Kabla yake, wafanyabiashara waliuza zaidi muziki wa Misri na wa India. Sasa waliona kwamba kuna wanunuzi wa Kiswahili. Mtu mmoja wa mtaa akiwa na gramafoni, majirani wote walisikiliza, na kahawa ikanywewa huku sahani ikigeuzwa. Kwa njia hiyo wimbo uliotungwa katika chumba cha Ng'ambo ulisikilizwa Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine. Kiswahili cha Unguja kilisambaa pamoja nao, miaka kabla ya redio kuingia katika nyumba za watu wengi.

Wimbo wa Kijiti

Kati ya nyimbo zake, ule unaokumbukwa sana ni Kijiti. Unasimulia jambo lililotokea Zanzibar. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja kutembelea kisiwa. Alikuwa mja mzito. Mwanaume aliyeitwa Kijiti alimvuta katika matembezi ya usiku pamoja na wanawake wengine wawili, na pombe ikapelekwa. Usiku huo Kijiti alimtendea mgeni jeuri na kumuua. Kisha alikimbia, akavuka bahari kwenda bara.

Wanawake wale wawili walikwenda mbele ya mahakama kueleza walichokiona. Mahakama ya kikoloni iliwahukumu wao, kwa sababu ya pombe iliyokuwepo usiku ule. Muuaji alikuwa mbali, na mashahidi ndio waliofungwa.

Siti aliimba habari hiyo. Aliwaeleza watu wote, kwa lugha yao, kwamba mwanamke ameuawa na kwamba sheria imewaadhibu waliosema kweli. Hapakuwa na gazeti ambalo mwanamke wa Ng'ambo angeweza kuandikia, na kama lingekuwepo, wengi hawakujua kusoma. Wimbo ulifanya kazi ya gazeti, na ulifanya pia kazi ya kulalamika mbele ya wakubwa bila kushikwa. Mtu wa Goma, Bukavu au Bunia, ambako wanawake waliotendewa jeuri bado wanangoja hukumu, hahitaji kuelezwa kwa nini wimbo huo ulishika mioyo ya watu.

Miaka ya mwisho

Siti aliendelea kuimba hadi uzeeni. Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkubwa wa Kiswahili aliyezaliwa upande wa Tanga. Mwandishi huyo alimsikiliza akieleza maisha yake, akayaandika katika kitabu kinachoitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kati ya vitabu vya kwanza vya Kiswahili vilivyoeleza maisha ya mwanamke mmoja, na kimesomwa shuleni na vizazi vingi.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 mwezi wa saba mwaka wa 1950. Hakuona uhuru wa inchi yake, na hakuona mapinduzi ya 1964 ambayo yaliondoa utawala wa masultani ambao alikuwa ameimba mbele yao.

Kilichobaki

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000. Hata hivyo kuta peke yake ni urithi unaoweza kupotea. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo kila mgeni huonyeshwa, ilianguka. Fumba nayo imebadilika. Wageni hupanda mashua hapo kwenda kutembea katika ghuba ya Menai, na nyumba mpya nyingi zimejengwa karibu na kijiji cha wafinyanzi.

Alichoacha Siti kimehifadhiwa kwa njia nyingine, kutoka mtu hadi mtu. Fatuma binti Baraka, anayejulikana duniani kama Bi Kidude, alijifunza nyimbo zake kwa kumsikiliza. Aliziimba maisha yake yote, pamoja na ngoma za unyago ambazo wanawake hufundishia wasichana, na alizipeleka Ulaya na kwingineko hadi alipofariki tarehe 17 mwezi wa ine mwaka wa 2013. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, ametoa nyimbo za bibi yake katika albamu ya mwaka wa 2020. Katika chuo cha muziki cha inchi za majahazi, kilichofunguliwa mjini Zanzibar mwaka wa 2002, vijana wa kike na wa kiume wamefundishwa udi, kanuni na fidla. Na chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania kilipotafuta jina la gazeti lake, kiliita gazeti hilo Sauti ya Siti.

Kwa hiyo mgeni anayetaka kujua pwani hiyo afanye safari mbili. Moja ni ile ya majumba, ambayo itamwonyesha walivyoishi waliotawala na waliouza watu. Nyingine ni ile ya kuvuka na kuingia Ng'ambo, kuketi katika harusi, na kusikiliza maneno ya taarab. Kwa Mkongomani wa mashariki safari hiyo ya pili ni nyepesi, maana hatahitaji mkalimani. Njia iliyomtoa Tabora ukoo wa baba yake Siti ndiyo iliyopeleka Kiswahili Maniema, na leo Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa huku kwetu.

Jina la mwamuzi aliyewafunga mashahidi wa kesi ya Kijiti halitajwi na mtu tena. Jina la Siti binti Saad linatajwa kila mara wimbo huo unapoimbwa.